Pistili maana yake ni mchi: majina ya sehemu za ua yalikotoka, na sababu ya mapengo kwenye hindi lako



Kila wakati wa mavuno malalamiko ni yale yale. Mkulima anamenya hindi, anakuta nusu ya chini imejaa vizuri na nusu ya juu ni gunzi tupu, au anakuta punje zimetawanyika huku na kule kama meno ya mzee. Mmoja atasema mbegu ilikuwa feki. Mwingine atasema ni kijicho cha jirani. Mwenye duka la mbegu ndiye anayebebeshwa lawama kwanza, na ugomvi wa namna hiyo huweza kufika hadi kwa mtendaji wa kijiji.

Mara nyingi jibu limo ndani ya maneno mawili ambayo mtoto wako huleta nyumbani kutoka shuleni: stameni na pistili. Ukimuuliza maana yake atakujibu kwamba ni sehemu ya kiume na sehemu ya kike ya ua. Amejibu sawa. Lakini majina hayo yana historia ndefu, na historia hiyo inamfundisha mkulima jambo moja kubwa: watu waliyapa maua majina kwa kutazama umbo tu, wakakaa muda mrefu bila kujua kazi ya kila sehemu. Sisi nasi tukilijua jina bila kuijua kazi, hasara inaingia kwenye gunia.

Mchi, uzi na unga

Tuanze na pistili. Katika Kilatini, lugha ambayo wasomi wa Ulaya waliitumia kuandikia vitabu vyao, pistillum ni mchi, huu huu wa kutwangia. Fungua ua la kike la boga asubuhi utazame katikati. Utaona kitu kimesimama, chembamba chini na kinene juu, kimezungukwa na petali kama mchi uliosimamishwa ndani ya kinu. Aliyetoa jina hilo aliangalia umbo, akakumbuka chombo cha jikoni. Neno hilo la Kilatini limetoka kwenye kitenzi chenye maana ya kutwanga, na ukoo huo huo ndio uliozaa neno pistoni. Kwa hiyo pistoni inayopanda na kushuka kwenye injini ya bodaboda yako na pistili iliyosimama ndani ya ua la boga ni ndugu wa damu.

Stameni nayo ilikuwa uzi. Katika mtambo wa kufumia nguo wa Warumi, stamen ni uzi wa mtande, ule unaosimama wima, nao mshindio hupita katikati yake. Mwandishi wa Kirumi Plinio, aliyeishi karne ya kwanza baada ya Kristo, alilitumia neno hilo kwa nyuzi zinazoonekana ndani ya yungiyungi. Ukiwa na nyuzi nyingi unasema stamina, na ndilo neno tunalolisikia mtangazaji wa mpira akimsifia mchezaji asiyechoka. Wazee wa Kirumi waliamini kwamba maisha ya mtu ni uzi unaosokotwa. Uzi ukiwa imara, mtu naye ana nguvu.

Na ule unga wa njano unaobaki kidoleni ukigusa ua, ambao sisi tunauita chavua, kwa Kilatini uliitwa pollen, yaani unga laini kabisa, kama ule unaorukia kuta za mashine ya kusaga.

Mchi, uzi na unga ni vitu vya jikoni na vya kazi ya mikono. Hakuna hata kimoja kinachokueleza kwamba hapo ndipo mbegu inapotungwa.

Jina na kazi, mwaka mmoja

Mwaka 1694 yalitokea mambo mawili katika nchi mbili.

Huko Paris, Ufaransa, mtaalamu wa mimea Joseph Pitton de Tournefort alichapisha kitabu cha kufundishia elimu ya mimea, na ndani yake alilitumia jina la pistili kwa kile kitu cha katikati ya ua. Alikuwa mtu mwenye sifa kubwa, msimamizi wa masomo katika bustani ya mfalme. Lakini kuhusu stameni alikosea vibaya. Aliamini kwamba ni mahali ambapo mmea hutoa uchafu usiouhitaji. Chavua, kwa maoni yake, ilikuwa taka.

Mwaka huo huo, mwezi wa Agosti, daktari mmoja wa mji wa Tübingen, Ujerumani, Rudolf Jakob Camerarius, aliandika barua ndefu kwa msomi mwenzake kueleza majaribio aliyoyafanya. Camerarius hakuridhika na kutazama umbo. Alichukua mimea akaifanyia kitu, kisha akasubiri aone matokeo. Na mimea yake miwili unaijua vizuri. Wa kwanza ni mbarika, mnyonyo huu unaoota wenyewe kando ya njia na nyuma ya nyumba. Aliondoa maua ya kiume kabla hayajafunguka. Mmea ukatoa vifuko vya mbegu, lakini ndani vilikuwa vitupu. Wa pili ni mhindi. Alikata ndevu za mahindi mapema, zilipokuwa ndiyo kwanza zinatoka. Hindi likabaki gunzi bila punje.

Hapo ndipo ikajulikana kwa ushahidi kwamba ule unga ni wa kiume, kwamba unatakiwa ufike kwenye sehemu ya kike, na kwamba usipofika hakuna mbegu. Mtu mmoja alikuwa na jina, mwingine akawa na kazi.

Hata hivyo, wasomi hawakukubali mara moja. Mwaka 1735 Carl Linnaeus wa Sweden aliipanga mimea yote aliyoijua kwa kuhesabu stameni na pistili zake, na wapo waliomshutumu kwamba anazungumza mambo ya aibu kwa kusema mimea ina waume na wake. Mwaka 1793 Mjerumani mwingine, Christian Konrad Sprengel, alieleza katika kitabu chake kwamba rangi na utamu wa maua vipo ili kuwaita wadudu waje wabebe chavua. Tangu barua ya Camerarius ilikuwa imepita miaka 99.

Na tuseme ukweli, wakulima walikuwa wametangulia. Wenye mitende katika nchi za Mesopotamia walijua tangu maelfu ya miaka kwamba mtende dume ukikatwa maua yake na kufungwa kwenye kole la mtende jike, tende hushika. Huko Oman kazi hiyo inafanyika kwa mkono mpaka leo. Mkulima alijua kazi bila kujua jina la Kilatini, naye ndiye aliyekula tende.

Kwetu majina yalikuwepo

Mwaka 1967 Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi Tanzania, walimu walihitaji maneno ya kufundishia sayansi. Baadhi yalichukuliwa kutoka Kiingereza, ambacho nacho kiliyatoa kwenye Kilatini, yakavikwa sauti za Kiswahili: stameni, pistili, petali, sepali, ovari. Mengine ni ya Kiswahili chenyewe, kama chavua, na kutokana nalo tunasema kuchavusha na uchavushaji. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia, ili walimu na waandishi wa vitabu watumie maneno yanayolingana.

Lakini mkulima wa mahindi hakusubiri kamusi. Yeye alikuwa na mbelewele na ndevu, na majina haya mawili yanatosha kabisa shambani ukijua yanafanya kazi gani.

Mbelewele ni suke la juu la mhindi. Ndani yake yamo maua madogo mengi ya kiume, na kila ua dogo lina stameni tatu. Suke moja hutoa chembe za chavua zinazohesabika kwa mamilioni, nyingi zikimwagika asubuhi baada ya umande kukauka.

Ndevu ndiyo pistili. Kila uzi mmoja wa ndevu umeunganishwa na punje moja, na punje moja tu. Chembe ya chavua ikitua juu ya uzi huo, huotesha kijimrija kinachoshuka ndani ya uzi mpaka kwenye punje changa, safari inayochukua takribani siku moja. Ndevu mia tano zikipata chavua, punje mia tano zinatungwa. Ndevu mia mbili zikikosa, hesabu mapengo mia mbili. Hakuna mbolea inayoweza kuziba pengo hilo baadaye.

Ndevu za chini ya hindi hutoka kwanza, za nchani hutoka mwisho. Ukame ukipiga wakati huo, ndevu huchelewa kuliko mbelewele. Chavua inamwagika, ndevu za nchani bado zimo ndani ya maganda. Zinapotoka zinakuta unga umekwisha. Ndiyo maana hindi likikosa chavua, mara nyingi ncha ndiyo inayobaki tupu.

Fanya jaribio kabla ya kumlaumu mtu

Camerarius alitumia mkasi na subira. Wewe unahitaji kisu kidogo tu. Ndevu zinapoanza kubadilika rangi kuwa kahawia, kama wiki moja baada ya kutoka, chagua mahindi kumi kutoka sehemu mbalimbali za shamba. Chana maganda kwa urefu, taratibu, usikate ndevu. Yaondoe maganda yote, kisha shika hindi upande wa kikonyo, ncha ikiangalia chini, ulitikise polepole.

Ndevu zilizokwisha kufanya kazi yake zitadondoka zenyewe. Zile ambazo hazikupata chavua zitang'ang'ania. Tazama zimeng'ang'ania wapi.

Zikiwa nchani tu, ndevu zilichelewa: fikiria ukame, au kupanda kwa kuchelewa. Zikiwa zimetawanyika kote, chavua ilikuwa haba au ndevu ziliharibiwa. Tafuta viwavijeshi vamizi, wale walioingia nchini mwaka 2017, maana hupenda kukata ndevu changa. Zikidondoka zote, halafu baadaye punje za nchani zikasinyaa, basi uchavushaji ulikuwa mzuri na tatizo lilikuja nyuma yake: maji au chakula cha mmea kilipungua, mhindi ukaziacha punje za mwisho ili kuokoa zilizotangulia.

Yako makosa ambayo kweli ni ya mbegu: kutoota, kukomaa kwa nyakati tofauti, au kuchanganyika na aina nyingine. Hayo una haki ya kuyalalamikia, na ndiyo maana nawaambia mtunze risiti na mfuko wenye lebo. Lakini mbegu iliyoota vizuri, ikasimama vizuri, kisha ndevu zikakosa chavua kwa sababu ya jua, hiyo si kosa la mwenye duka. Mfanyabiashara naye ajifunze jaribio hili, limsaidie kuzungumza na mteja kwa ushahidi badala ya kwa sauti.

Ulezi wa bibi na mahindi ya mjukuu

Kuna swali ambalo wazee huniuliza: mbona bibi zetu walitunza mbegu ya ulezi juu ya moshi wa jikoni, ikapandwa miaka na miaka bila kubadilika, lakini mahindi ya leo ukirudia mbegu yanakuharibikia?

Jibu limo katika stameni na pistili. Kwenye ulezi, stameni na pistili zinakaa ndani ya ua moja dogo, na ua hujichavusha lenyewe karibu wakati wote. Maharage na karanga ni hivyo hivyo, na mtama kwa sehemu kubwa. Mtoto anafanana na mzazi kwa sababu baba na mama ni mmoja. Bibi alipochagua suke bora na kulitundika, alikuwa amechagua kweli.

Kwenye mhindi, sehemu hizo zimetenganishwa: ya kiume juu, ya kike ubavuni. Upepo ndio mshenga. Hindi moja lina mama mmoja na baba wengi, na wengine wanatoka shamba la jirani. Ushahidi utauona kwa macho: panda mahindi meupe karibu na ya njano yanayochanua wakati mmoja, utakuta punje za njano ndani ya hindi jeupe. Kila punje ya njano inakuambia baba yake alikuwa nani. Mahindi meupe yakikutana na meupe ya aina nyingine, mchanganyiko unatokea vile vile, ila hauuoni.

Utengano huo huo ndio uliowezesha mbegu chotara. Mtaalamu hupanda mistari ya aina mbili, anang'oa mbelewele kwenye mistari ya kike kabla hazijamwaga chavua, ili mistari hiyo ipate chavua ya aina ya pili peke yake. Kituo cha Kitale, Kenya, kilitoa chotara ya H611 mwaka 1964 kwa kukutanisha mahindi ya Kitale na mahindi yaliyotoka Ecuador, na nguvu ya mchanganyiko huo ilishangaza watu. Lakini nguvu hiyo ni ya kizazi cha kwanza. Ukipanda punje ulizovuna kwenye chotara, watoto wanatawanyika, mmoja mrefu, mmoja mfupi, mmoja anawahi, mwingine anachelewa, na mbelewele na ndevu hazikutani vizuri. Mavuno yanashuka.

Kwa hiyo mfanyabiashara, usimuuzie mtu nafaka ya chotara ukaiita mbegu. Kwa macho haitofautiki, lakini miezi minne baadaye mteja wako atakuwa amepoteza msimu, na Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 haiko upande wako.

Maboga, nyuki na mtoto wa vanila

Boga, tango na tikiti hazitegemei upepo. Chavua yao ni nzito na ya kunata. Lazima ibebwe na nyuki. Ua la kiume lina kikonyo chembamba kirefu. Ua la kike lina kiboga kidogo chini yake, hiyo ndiyo ovari. Maua ya kwanza huwa ya kiume, na yakidondoka usiogope. Ukichuma maua kwa ajili ya mboga, chuma ya kiume, ubakize mengine kwa kazi. Ua hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya mchana. Ukipuliza dawa ya wadudu saa hizo umemuua mshenga mlangoni.

Pale nyuki hayupo, mkono wa mtu hufanya kazi hiyo. Wenzetu wa Kagera, ng'ambo ya ziwa, wanaolima vanila wanaichavusha ua kwa ua. Njia wanayoitumia iligunduliwa mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion na Edmond, mtoto mtumwa wa miaka 12. Katika ua la vanila kuna kijiulimi kinachotenga stameni na pistili. Edmond alikiinua kwa kijiti, akaikandamiza chavua kwa kidole gumba mahali pake. Utumwa ulipofutwa kisiwani humo mwaka 1848 alipewa jina la Albius. Biashara ya vanila ilitajirisha wengi, yeye akafa maskini mwaka 1880. Hakuwa msomi wa Kilatini, lakini aliijua kazi ya kila sehemu ya ua lile.

Ya kufanya msimu huu

Panda mapema mvua zinaposhika, ili ndevu zisitoke wakati wa jua kali.

Mahindi machache ya kando ya nyumba yapande kwa kitalu cha mistari minne au zaidi. Mstari mmoja mrefu chavua yake inachukuliwa na upepo.

Usikate mbelewele kulisha ng'ombe mpaka ndevu za shamba zima ziwe kahawia na kukauka. Ukikata, kata mbelewele tu, uache majani yajaze punje.

Viwavijeshi wadhibiti mhindi ukiwa mdogo. Ukilazimika kupuliza dawa wakati wa maua, puliza jioni nyuki wakisharudi mzingani.

Unayetunza mbegu ya aina zisizo chotara kama Staha, Kilima au TMV-1, chagua mahindi ya katikati ya shamba, si ya pembeni, kutoka mimea mingi yenye afya. Shamba liwe angalau mita 200 kutoka mahindi mengine, au lichanue wiki tatu hadi nne tofauti na ya jirani. Ukitaka kuiuza, jisajili kwanza uzalishe mbegu za daraja la kuazimiwa ubora chini ya usimamizi wa TOSCI.

Na mtoto akikuletea daftari lenye picha ya ua, mpeleke shambani. Mwonyeshe mchi uko wapi, uzi uko wapi, unga unatoka wapi na unatakiwa ufike wapi. Kisha mwachie kisu na mahindi yale kumi, akufanyie jaribio yeye.